Mkanda wa Viking Sio wa Sinema, na Hata Sio wa Viking Peke Yao



Kuna swali linanifuata kila nikiposti picha ya kazi yangu: "Sasa wewe kijana wa Nairobi, mikanda ya Viking ni ya nini?" Wengine wanauliza kwa utani, wengine wanataka kujua kweli, na wengine wanauliza kwa hasira kama vile nimeuza shamba la ukoo. Leo nitajibu vizuri mara moja, ndio nikiulizwa tena nitume tu hii. Chukua chai, ni refu kidogo.

Kwanza wageni waelewe. Huko Ulaya na Marekani kuna watu ambao wikendi zao hawaendi klabu. Wanavaa kama watu wa miaka 1,000 iliyopita, wanalala kwa hema, wanapika kwa kuni na wanapigana kwa panga zisizo na makali. Mjini Visby, kwenye kisiwa cha Gotland kule Uswidi, kumekuwa na Wiki ya Enzi za Kati tangu 1984. Poland wanaigiza vita vya Grunwald vya 1410. Uingereza wanaigiza vita vya Hastings vya 1066, na wanaviigiza palepale wanaposema vilipiganwa. Sasa hawa wote wanahitaji viatu, mikanda, vipochi, ala za visu na deraya. Mtu lazima avitengeneze. Mmoja wa hao watu ni mimi, kwa chumba kimoja Umoja, na meza ambayo mathe alinipa akisema nirudishe akiihitaji.

Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iliisha kabla ya kozi. Hiyo ni hadithi ya wengi wenu kwa hivyo sitaililia hapa. Nikaenda Kariokor kwa mzee mmoja anayetengeneza viatu vya ngozi, nikaanza na kazi ya chini kabisa: kupaka uzi nta. Mzee akanifundisha msharasi, akanifundisha kushona kwa sindano mbili, moja inatoka huku na nyingine inatoka kule, shimo lilelile. Faida yake ni kwamba uzi mmoja ukikatika, ule mwingine bado unashika. Mashine ya kushona haikupi hiyo. Baadaye nikakuja kujua kwamba mafundi wa ngozi wa Enzi za Kati walijua mshono huohuo. Manze, hiyo siku nilifurahi kama mtu amepata jamaa yake kwa basi.

Sasa tuingie kwa kazi yenyewe.

Ukiangalia filamu na misururu ya Viking, utaona mikanda mipana kama bamba la tumbo, inchi nne, imejaa misumari. Halafu kuna ule mkanda wenye pete moja kubwa ya chuma, unapitisha ngozi, unapiga fundo, unaning'inia mpaka magotini. Kila mtu anataka huo. Ingia kwa duka lolote la mtandaoni uandike "mkanda wa Viking", ndio wa kwanza kukujia.

Ukiuliza umechimbwa wapi, kimya.

Ngozi huoza. Ukizika mtu na mkanda wake kwa udongo wa kawaida, baada ya miaka 1,000 unabaki na vipande vya chuma au shaba tu: ile chuma ya kufungia, yaani bizimu, na labda kile kipande cha kuvalisha ncha. Lakini hiyo inatosha kukuambia mengi. Bizimu ambayo nafasi yake ni sentimita 2 haiwezi kupitisha mkanda wa sentimita 8. Hapo huhitaji digrii. Na ukiangalia vifungio vya makaburi ya enzi ya Viking, kwa mfano vile vya Birka, ule mji wa biashara ulio kisiwani magharibi ya Stockholm, mingi inaonyesha mikanda myembamba. Myembamba sana. Siku ya kwanza nikimwonyesha mzee wangu pale Kariokor kipimo, akakishika, akanitazama juu ya miwani.

"Kijana, hawa watu wako walikuwa na viuno vya nyigu?"

"Mzee, ndio ushahidi unasema hivyo."

"Basi mkanda ulikuwa wa kubeba vitu, si wa kubeba tumbo."

Hajawahi kusoma kitabu hata kimoja cha hao watu, lakini aligonga ndipo. Kanzu zao hazikuwa na mifuko. Fikiria wewe uamke kesho nguo zako zote zimeshonwa mifuko. Funguo utaweka wapi? Kisu je? Kitana? Mkanda ndio ulikuwa mfuko. Kisu kinaning'inia hapo, kipochi hapo, jiwe la kunolea hapo. Ndio maana kipochi ni kazi inayonipa raha kuliko mkanda wenyewe. Kile kidogo cha kufunga kwa kamba nakishona kwa ngozi ya mbuzi, nje ndani, halafu nakigeuza ndio mshono ukae ndani. Viatu vyao vingi vilishonwa hivyohivyo, ndani nje, kisha vikageuzwa.

Utauliza, kama ngozi inaoza, haya mambo ya mishono yamejulikanaje? Kuna sehemu chache udongo umejaa maji mpaka hewa haiingii, na pasipo hewa ngozi haiozi. Mji wa York, Uingereza, kwenye mtaa wa Coppergate, wanaakiolojia walichimba kuanzia 1976 mpaka 1981 wakapata tabaka za enzi ya Viking zikiwa na viatu, ala na mabaki ya ngozi ambayo fundi alikata akatupa chini. Yale mabaki ndio yananimaliza. Fundi fulani alikata, akasukuma takataka na mguu, akaendelea. Mimi nafanya hivyo kila siku. Takataka yake leo iko kwa vitabu vyenye michoro na vipimo, na takataka yangu inabebwa na jamaa wa taka Jumatano.

Kuhusu ngozi yenyewe, hapa ndipo watu wengi hudanganywa. Ngozi nyingi duniani leo inatengenezwa kwa kemikali za kromiamu, teknolojia iliyoanza kutumika viwandani mwishoni mwa karne ya 19. Ikitoka kwa mapipa inakuwa ya rangi ya samawati. Mtu wa 950 hangeweza kuwa nayo. Wao walitumia maganda ya miti, hasa mwaloni, na ngozi nene ingekaa kwa mashimo ya maganda mwaka mzima au zaidi. Kenya hatuna misitu ya mwaloni, lakini tuna miwati, na maganda ya miwati yanafanya kazi hiyohiyo. Nikipata ngozi ya miwati yenye unene wa milimita 3, nalala nikitabasamu. Ng'ombe wetu wana makovu ya miiba na kupe, na wateja wengine hulalamika. Mimi huwaambia: ng'ombe wa zamani pia hawakuishi kwa hoteli.

Tukuje kwa deraya, maana hapo ndipo sinema imeharibu zaidi.

Ile kofia yenye pembe, tuimalize haraka. Kofia maarufu kabisa ya enzi ya Viking ilipatikana Gjermundbu, Norwe, mwaka wa 1943. Ni ya mviringo, ina kinga ya macho kama miwani, na haina pembe. Pembe zilipata umaarufu kutoka jukwaani: 1876, kwenye opera za Wagner kule Bayreuth, mbunifu wa mavazi Carl Emil Doepler aliwavalisha wahusika kofia za pembe, na dunia haijawahi kupona. Ziko kofia za kweli zenye pembe, zilichimbwa Veksø, Denmark, lakini hizo ni za Enzi ya Shaba, karibu miaka 1,700 kabla ya Viking. Ni kama umvalishe Dedan Kimathi nguo za Farao.

Halafu deraya ya ngozi nyeusi ya Viking, ile yenye mikanda kifuani na manyoya mabegani. Kwa enzi ya Viking, ushahidi wa deraya ya ngozi ya namna hiyo haupo. Aliyekuwa na pesa alivaa shati la pete za chuma, maelfu ya pete, kila moja imepita kwa zingine nne, uzito kama kilo 10. Asiye na pesa alivaa nguo zake, akashika ngao, akaomba Mungu wake. Deraya ya ngozi ngumu ilikuwepo Ulaya kweli, lakini ni ya Enzi za Kati za baadaye: ngozi ya maganda ya miti inaloweshwa, inapashwa moto, inakunjamana na kukauka ngumu kama mbao. British Museum wana kinga ya mkono ya aina hiyo ya karne ya 14. Ukipasha moto kupita kiasi inavunjika kama biskuti. Mimi hufanya kwa sufuria ambayo sasa hairuhusiwi kupika chochote.

Lakini deraya ambayo imenibadilisha mimi ni ya Visby.

Tarehe 27 Julai 1361, jeshi la mfalme wa Denmark, Valdemar, lilikutana na wakulima wa Gotland nje ya ukuta wa mji. Wakulima walichinjwa. Ilikuwa kiangazi, joto, maiti nyingi, na wengi wakazikwa upesi na deraya zao miilini. Wanaakiolojia walipofungua makaburi hayo katika karne ya 20, walipata mifupa ya watu karibu 1,200 na deraya 25 za vibamba. Vibamba vya chuma vilikuwa vimepigwa ribiti kwenye koti, la ngozi au la kitambaa, chuma ikiwa upande wa ndani. Koti lenyewe lilishaoza. Zilibaki chuma na ribiti, na kutoka kwa zile ribiti wakajua koti lilikatwaje. Miongoni mwa waliokufa kulikuwa na vijana wadogo na wazee.

Mimi nilitengeneza moja mwaka jana. Vibamba nilipigiwa Kamukunji na mafundi wa yale masanduku ya bodingi, wale kelele zao husikii hata simu ikilia. Nikawachorea, wakanikatia, wakanikunjia, wakaniuliza kama ninaogopa wezi. Nilipiga ribiti siku tisa. Na kila ribiti nilikuwa najua ninaiweka hapo kwa sababu kuna mtu alikufa nayo hapo kifuani. Pengine ni mtu wa umri wangu, mkulima, amevaa deraya ya kurithi, ametumwa kuzuia jeshi la mfalme. Baada ya hiyo kazi siwezi kuita kitu "cha kihistoria" kwa mchezo.

Ndio nifike kwa kile nilitaka kusema.

Miezi michache iliyopita mteja mmoja wa Ulaya alinitumia oda ya deraya sita za ngozi. Zilikuwa za mtindo wa sinema kabisa, manyoya na yote, na alitaka kuziuza. Pesa ilikuwa poa, rent ya miezi mitatu. Nikamwambia nitazitengeneza, hakuna shida, mimi sina vita na sinema. Lakini alitaka kila moja iende na kadi yangu iliyoandikwa kwamba imenakiliwa kutoka kwa kaburi la Viking. Nikamwambia kadi nitaandika "mtindo wa filamu". Akasema kadi ndio inauza. Nikasema sawa, basi tafuta mwingine. Akatafuta, na nina hakika akapata.

Mbogi yangu waliniona mjinga. "Mzungu anataka kudanganya Mzungu mwenzake kuhusu babu zao, wewe inakuhusu nini?" Na nilielewa. Njaa haisomi akiolojia. Lakini fikiria hivi. Mimi nina mikono na jina tu. Sina cheti, sina chuo, sina mjomba kwa ofisi yoyote. Mtu akilipia mkanda wangu kutoka nchi ambayo sijawahi kukanyaga, analipia neno langu kwamba ule upana, ule mshono na ile ngozi vina sababu. Nikiuza hilo neno kwa rent ya miezi mitatu, mwezi wa nne nitauza nini?

Tengeneza unachotaka. Vaa pembe, vaa mabawa, cheza. Lakini ukisema ni ya kihistoria, uonyeshe ilichimbwa wapi. Mimi kabla sijakata ngozi najiuliza maswali matatu: kilipatikana wapi, ni cha lini, na kilichobaki ni nini hasa? Jibu la tatu ndilo gumu, kwa sababu linakulazimisha useme mahali ushahidi unapoisha na mahali mikono yako inaanza kubahatisha. Hiyo sehemu ya kubahatisha naiandikia mteja wazi. Mpaka sasa hakuna aliyekataa mkanda kwa sababu hiyo. Wengi hurudi.

Sasa wale wa hasira. "Fanya vitu vya kwenu." Hii hunijia kutoka pande mbili. Kuna wageni wachache wanaoamini Viking ni mali ya rangi fulani ya ngozi, na sizungumzi ngozi ya ng'ombe. Hao Wanazi waliwafundisha vizuri, maana Wanazi walimtumia Viking kwa propaganda mpaka akachafuka.

Hao dawa yao ni mkanda wenyewe. Kumbuka Birka. Mikanda ya kifahari iliyopatikana pale, ile yenye vipande vya shaba na fedha vimepangwa kwa ngozi, mtindo wake si wa Uswidi. Ni wa mashariki, wa watu wa nyika waliopanda farasi, kule Wahungaria na Wabulgari wa mto Volga walikotamba. Yaani Viking mwenye swagi alikuwa anavaa mtumba! Hariri yake ilitoka mashariki. Fedha yake nyingi ilitoka kwa Waislamu: pale Spillings, Gotland, mwaka wa 1999 ilipatikana hazina ya fedha ya kilo 67, sarafu zaidi ya 14,000, nyingi zimeandikwa Kiarabu. Na mmoja wa walioacha maelezo ya kina kabisa kuwahusu kwa kuwaona na macho ni Ibn Fadlan, mjumbe aliyetoka Baghdad 921 na kukutana nao kwenye Volga. Kwa hivyo ukiniambia mkanda ni wa kabila moja tu, unabishana na makaburi yao wenyewe.

Upande wa pili ni Wakenya wenzangu, na hao nawapa nusu ya hoja.

Nusu ninayokataa: eti mikono yangu iko na mipaka. Hakuna anayemuuliza fundi wa Gikomba kwa nini anashona suti ya Kiingereza.

Nusu ninayokubali: ni aibu kwamba najua upana wa mkanda wa mtu wa Birka na sijui babu ya babu yangu alifunga nini kiunoni. Ngao ya Kimaasai ilitengenezwa kwa ngozi ya nyati, kazi ya fundi aliyejua hasa. Siku hizi tunaijua kama ile ndogo ya kutundika ukutani, ya kuuziwa mtalii, na hiyo ndiyo kofia yetu ya pembe. Nani anajua ile ya kweli ilikaushwa siku ngapi, ilikunjwa lini, ilishonwa na nini? Nimeanza kuuliza. Kwa upande wa mathe kuna mzee Kitui ambaye alivaa podo la mishale la ngozi akiwa kijana, na nikimtembelea Desemba nabeba daftari na rula. Amenicheka kwa simu. "Mjukuu wangu, unataka kupima podo ama unataka kulivaa?" Nikamwambia, guka, nataka kujua lilishonwaje. Akanyamaza kidogo, akasema nisichelewe.

Hao wa Ulaya wanauliza makaburi kwa sababu hawana jinsi. Sisi bado tuna watu wa kuuliza, na hawatakuwepo milele.

Ni hayo tu kwa leo. Video ya deraya ya Visby inakuja, ile ya siku tisa, nimeikata iwe dakika kumi ndio msilale. Na kama uko na guka ama shosho ambaye aliwahi kuona mkanda, podo ama mfuko wa ngozi ukitengenezwa kwa mikono, mpigie leo umuulize ngozi ilikuwa ya mnyama gani na uzi ulitoka wapi. Andika atakavyosema, na jina la kila kitu kwa lugha yake. Halafu unitumie, mimi niko na ngozi na msharasi.